Kumlea Shinx hadi Luxray: simba wa umeme wa Sinnoh, hatua kwa hatua

Luxray ni Pokémon namba 405, simba wa buluu na mweusi mwenye macho ya dhahabu yanayoona hata nyuma ya ukuta. Jina lake la Kijapani, Rentorar, linakumbusha neno rentogen, yaani eksirei. Ukoo wake ni watatu: Shinx (403), ambaye ndiye shibli, kisha Luxio (404) kuanzia leveli ya 15, halafu Luxray mwenyewe kuanzia leveli ya 30. Hakuna jiwe la kununua wala rafiki wa kubadilishana naye, leveli tu zinatosha. Ndiyo maana wengi humchukua mapema na kumbeba hadi kwa bingwa.

Tatizo ni kwamba wengi humlea vibaya. Wanaona Attack yake (nguvu ya kupiga kwa mwili) ni 120, wanamtafutia tabia ya Adamant inayoiongeza, wanafuta shambulio la umeme la Spark ili waweke Thunder Fang, kisha wanashangaa mbona simba wao anapiga kama paka. Mwongozo huu unahusu hasa gemu za eneo la Sinnoh, yaani Diamond na Pearl zilizotoka Japani mwaka 2006, pamoja na Platinum ya 2008, kwa sababu huko ndiko kwao na huko ndiko makosa hayo yanakogharimu zaidi. Gemu za baadaye na Pokémon GO zina sehemu yao mwishoni. Majina ya mashambulizi, vipaji na tabia yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipotee ukiwa ndani ya gemu.

Namba za kukumbuka kabla ya kuanza

Luxray ana HP (uhai) 80, Attack 120, Defense (kinga dhidi ya mapigo ya mwili) 79, Sp. Atk (nguvu ya mapigo yasiyo ya mwili) 95, Sp. Def (kinga dhidi ya hayo) 79 na Speed (kasi) 70. Jumla ni 523.

Zitazame vizuri. Attack ni kubwa kweli, lakini Sp. Atk ya 95 si ya kudharau, na hapo ndipo siri yote ya mnyama huyu ilipo. Speed ya 70 ni ya katikati: atawatangulia wazito, atatanguliwa na wepesi. Ngozi yake inastahimili pigo moja la kawaida, mara nyingi mawili, lakini si zaidi. Udhaifu wake ni mmoja tu, nao ni mashambulizi ya ardhi. Ya umeme, ya anga na ya chuma yanampata kwa nusu.

Hatua ya 1: Kumnasa kwenye Route 202

Shinx anaonekana kwenye nyasi za Route 202, kaskazini ya mji wa Sandgem, unapoelekea Jubilife. Ni njia ileile ambako mwenzako, Dawn au Lucas, anakuonyesha namna ya kunasa na kukupa Poké Ball 5. Ukishazipokea, usikimbilie Jubilife. Rudi kwenye nyasi. Ukimkosa hapo, yupo pia Route 203 na Route 204.

Kumnasa si kazi ngumu, kwani kiwango chake cha kunaswa ni 235 kati ya 255. Kwa Poké Ball ya kawaida, ukimrushia akiwa na uhai kamili una nafasi ya takriban asilimia 31. Akiwa amebaki nusu ya uhai, nafasi inapanda hadi asilimia 61 hivi. Akiwa hoi, ni karibu asilimia 90. Kosa la kawaida ni kumpiga mara mbili kwa Pokémon wako wa mwanzo na kumwangusha kabisa, maana huyu wa porini ni wa leveli ya 3 au 4 tu na uhai wake ni mdogo. Mpige mara moja, urushe. Mpira ukifunguka, rusha mwingine badala ya kumpiga tena.

Ukiwa na mipira ya kutosha (Jubilife inauzwa 200 kila mmoja), nasa watatu au wanne, kisha uchague. Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye ukurasa wa maelezo yake.

La kwanza ni kipaji. Shinx huzaliwa na Rivalry au Intimidate, nusu kwa nusu. Chukua Intimidate bila kujiuliza. Kila anapoingia uwanjani, Attack ya mpinzani inashuka hadi theluthi mbili, na kazi hiyo anaifanya tangu leveli ya 4 hadi mwisho wa gemu, hata akiwa hana shambulio la maana. Rivalry inaongeza robo ya nguvu dhidi ya mpinzani wa jinsia ileile, lakini inapunguza robo dhidi ya jinsia tofauti, na haifanyi lolote kwa wasio na jinsia. Huo ni mchezo wa kubahatisha. Mpinzani hakuulizi jinsia anayopaswa kuleta.

La pili ni tabia. Kuna tabia 25, na nyingi kati yake huongeza sehemu moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa kiasi hichohicho. Katika Diamond na Pearl skrini haikupakii rangi kuonyesha kilichopanda na kilichoshuka, kwa hiyo kumbuka haya: Bold, Timid, Modest na Calm zote hupunguza Attack. Ukimpata mwenye mojawapo, mwache. Naughty na Lonely ndizo nzuri zaidi kwa safari ya hadithi. Adamant na Jolly, ambazo kila mtu huzisifia, zina kasoro inayoelezwa kwenye hatua ya 3.

Kwa anayetaka kuchagua tabia kwa makusudi, njia ipo. Nenda Route 203 ukamnase Abra. Huyo hutoroka kwa Teleport zamu ya kwanza anayopata, kwa hiyo rusha mpira moja kwa moja bila kumpiga. Akiwa na kipaji cha Synchronize, mweke mbele ya kikosi: Pokémon wa porini mmoja kati ya wawili atakuja na tabia ileile ya Abra wako. Abra mwenyewe anaweza kuwa amezirai, mradi tu awe wa kwanza kwenye orodha.

Hatua ya 2: Kumvusha leveli za mwanzo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Hadi leveli ya 13, Shinx wa gemu hizi hana hata shambulio moja la umeme. Ana Tackle, Leer kwenye leveli ya 5 na Charge kwenye leveli ya 9, ambayo haina faida kubwa kwa asiye na umeme wa kuuchaji. Mtu anamtoa dhidi ya Starly wa Barry, mshindani wako, kwenye Route 203 akitarajia radi, anaambulia kichwa cha kugonga.

Mtoe mwanzoni mwa pambano ili Intimidate ifanye kazi, kisha mbadilishe na Pokémon wako wa mwanzo. Kila aliyeshiriki hupata fungu lake la uzoefu, kwa hiyo anapanda bila kupigana. Kifaa cha Exp. Share hupatikana baadaye, kwenye lango la Route 206 upande wa Eterna, ukiwa umeshaona aina 35 za Pokémon. Ukishakipata, mvishe.

Usimpeleke kwa Roark, kiongozi wa jimu ya Oreburgh, kama tegemeo. Geodude na Onix wana damu ya ardhi, umeme hauwagusi kabisa. Kazi yake pale ni moja tu, na ni ya thamani: Cranidos wa leveli ya 14 anapiga kwa mwili na anapiga kwa nguvu sana. Mwingize Shinx, Attack ya Cranidos ishuke, mtoe. Turtwig au Piplup atamalizia. Aliyeanza na Chimchar asubiri leveli ya 14 ageuke Monferno na kupata Mach Punch.

Leveli ya 13 inaleta Spark. Leveli ya 15 inaleta Luxio. Kuanzia hapo mambo yanabadilika: Zubat na Golbat wa Team Galactic, genge la wabaya wa hadithi, wanakuwa chakula chake cha kila siku, na Purugly wa Mars, kamanda wao, pale Valley Windworks, ambaye amewaliza wachezaji wengi, anapungua makali kwa Intimidate.

Hatua ya 3: Mashambulizi ya kubaki nayo na ya kuacha

Haya ndiyo anayojifunza kwa leveli akifuata njia ya kawaida katika Diamond, Pearl na Platinum. Akiwa Luxio: Bite 18, Roar 23, Swagger 28. Akiwa Luxray: Thunder Fang 35, Crunch 42, Scary Face 49, Discharge 56.

Swali linaloulizwa sana ni kama inafaa kubonyeza B kuzuia mageuzi ili ajifunze mapema. Luxio hupata Thunder Fang leveli ya 33 na Crunch ya 38. Unaokoa leveli mbili kwa moja na nne kwa nyingine, huku ukipoteza Attack 35 za msingi kwa muda wote huo. Haifai. Mwache ageuke akifika 30.

Sasa mtego mkubwa. Gemu inakuuliza kwenye leveli ya 35 kama unataka kufuta kitu ili aingie Thunder Fang. Jina linatisha, picha ni nzuri, na wengi wanafuta Spark. Tazama namba:

Spark: nguvu 65, hupata asilimia 100, nafasi ya kupoozesha asilimia 30, hutumika mara 20.

Thunder Fang: nguvu 65, hupata asilimia 95, nafasi ya kupoozesha asilimia 10 na ya kumshtua mpinzani asilimia 10, hutumika mara 15.

Nguvu ni ileile. Unachofanya ni kubadilisha shambulio lisilokosa na linalokosa mara moja katika ishirini, na kupunguza kupooza juu yake. Kataa.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Gemu hizi hazimpi Luxray shambulio zito la umeme linalotumia Attack. Ana mikono mikubwa, amepewa fimbo ndogo. Kwa hiyo hesabu nguvu ya shambulio mara ya sehemu inayotumika, na tuanze na tabia isiyoongeza wala kupunguza kitu:

Spark: 65 × 120 = 7,800.

Discharge, inayotumia Sp. Atk: 80 × 95 = 7,600.

Thunderbolt, nayo ya Sp. Atk, ambayo katika gemu hizi ina nguvu 95: 95 × 95 = 9,025.

Thunderbolt inashinda ingawa inatumia upande wake “dhaifu”. Ukiwa na Adamant, Spark inapanda hadi 8,580 na Thunderbolt inashuka hadi 8,122, maana yake umelipa ili silaha yako bora iwe mbaya zaidi. Ukiwa na Naughty au Lonely, Spark ni 8,580 na Thunderbolt inabaki 9,025. Unafaidi pande zote mbili, na Crunch inapanda pia. Kinachopungua ni Sp. Def kwa Naughty au Defense kwa Lonely. Intimidate inaziba pengo la Defense, hivyo Lonely haiumi kama inavyoonekana.

Kuna sababu nyingine ya kupenda Thunderbolt ambayo watu hawaioni hadi waumie. Wale wanaopaswa kuogopa umeme zaidi, yaani Gyarados, Staravia na Staraptor, wote katika gemu hizi wana kipaji kimoja tu: Intimidate. Wakiingia, Attack ya simba wako inashuka hadi theluthi mbili na Spark inanyong'onyea. Thunderbolt haijali.

TM24 Thunderbolt (TM ni kifaa cha kumfundishia Pokémon shambulio) ipo Valley Windworks, sehemu isiyofikika mpaka uwe na Surf, shambulio la kuvukia maji, na ruhusa ya kuitumia. Njia nyingine ni Game Corner ya Veilstone kwa sarafu 10,000. Ukishapata Surf, rudi Windworks, ni karibu na bure. Angalizo: TM za zama hizo hutumika mara moja zikaisha. Ukiitumia kwa Pokémon mwingine ukiwa na haraka, ya pili utailipia kamari.

Seti ya kumalizia hadithi basi ni Thunderbolt, Crunch, Spark, na nafasi ya nne iwe Return kama anakupenda sana (nguvu yake hufika 102) au Ice Fang ukiwa na subira ya kuzalisha. Kwenye Platinum kuna walimu wanaolipwa kwa vipande vya rangi, na mmoja wao hufundisha Superpower, pigo la 120 linalopunguza Attack na Defense ya mwenyewe kila linapotumika. Piga mara moja, kisha mtoe.

Roar, Swagger, Scary Face na Charge futa bila majuto.

Hatua ya 4: Nani wa kumkabili, nani wa kumkwepa

Tuanze na viongozi wa jimu. Gardenia wa Eterna: majani hupunguza umeme kwa nusu. Mweke pembeni, au atumie Bite tu.

Fantina: huyu ni wa tatu kwenye Platinum na wa tano kwenye Diamond na Pearl. Mizimu wake huumia maradufu kwa Bite. Drifblim wa Diamond na Pearl huumia kwa umeme pia.

Maylene: Intimidate inasaidia kwa sababu kikosi chake kinapiga kwa mwili. Bite haisaidii, kwa kuwa wapiganaji huipunguza. Ingia, shusha Attack, toka.

Crasher Wake wa Pastoria anahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndipo wachezaji wengi hufikiri Luxio atafagia kisha wanafagiliwa. Wa kwanza kutoka ni Gyarados, leveli ya 27 kwenye Diamond na Pearl, ya 33 kwenye Platinum. Ni maji na anga pamoja, kwa hiyo umeme unampata mara nne. Lakini ukianza na Luxio au Luxray, Intimidate ya Gyarados inampata yeye. Fanya hivi:

Anza pambano na Pokémon mwingine yeyote, wa majani akiwepo ni bora. Intimidate ya Gyarados itamwangukia huyo. Zamu ya kwanza, badilisha umwingize simba wako. Sasa ni Intimidate yake inayomshusha Gyarados, na pigo atakalopokea akiingia limeshapunguzwa. Zamu ya pili, Spark kwa nguvu kamili. Kwa kawaida moja inatosha.

Anayefuata ni Quagsire, maji na ardhi. Umeme haumgusi, naye anaweza kumwangusha simba. Mtoe mara moja na mlete wa majani: Quagsire huumia mara nne kwake. Floatzel wa mwisho mrudishie umeme.

Ujanja huo wa kutoanza na simba utumie pia kwa Staraptor wa Barry.

Byron: Steelix ni ardhi, mkwepe. Volkner ni jimu ya umeme, naye ana Luxray wake mwenyewe. Mashambulizi ya umeme hupungua nusu kwa wengi wao, kwa hiyo leta wa ardhi na simba wako apumzike. Kwenye Diamond na Pearl kuna Octillery kwenye kikosi kile. Huyo ndiye pekee wa kumwachia.

Cyrus, mkuu wa Team Galactic, ni karamu. Honchkrow, Gyarados na Crobat wote wanaogopa umeme, na kwa Weavile tumia Spark, kwani Crunch hupungua kwake.

Kwenye Elite Four, wababe wanne kabla ya bingwa, Aaron ana Vespiquen, mdudu wa anga. Bertha ni karibu ardhi tupu, usimtoe simba wako hata kwa bahati mbaya. Lucian ni wa Crunch: Mr. Mime, Girafarig na Alakazam wote huumia maradufu, ila Bronzong na Medicham wanapokea kawaida.

Kwa Cynthia, ambaye ndiye bingwa, Milotic ni wa simba wako. Gastrodon ana ardhi, umeme haumgusi. Garchomp, leveli ya 66 kwenye Diamond na Pearl, 62 kwenye Platinum, ni mwepesi kuliko Luxray na ana Earthquake. Hata kama umemfundisha Ice Fang, ambayo humpata Garchomp mara nne, kuna hatari kubwa ya kuanguka kabla hujauma. Mtumie kwa Intimidate tu: mwingize Garchomp anapofanya jambo lisilo Earthquake, au mtoe kafara kama Pokémon wengine wawili bado wazima nyuma yake.

Hatua ya 5: Mazoezi ya EV

Hii si lazima kwa hadithi. Ni kwa anayetaka kupigana na wenzake.

EV ni pointi za mazoezi zisizoonekana kwenye skrini. Kila Pokémon anaweza kukusanya EV 510 kwa jumla, na 252 ndizo zenye maana kwa sehemu moja. EV 4 ni pointi moja kwenye leveli ya 100. Mgao wa kawaida kwa Luxray ni Attack 252, Speed 252 na 4 kwenye HP. Akiwa leveli ya 50, Attack hufika 172, au 189 akiwa na Adamant. Speed hufika 122, au 134 akiwa na Jolly.

Mpangilio ndio unaokosewa. Anza na vitamini, kisha mapambano. Protein moja hutoa EV 10 za Attack, lakini katika gemu hizi haikubali kupita 100. Ukipigana kwanza ukafika 120, chupa haitanyweka tena. Kwa hiyo nunua Protein 10 kwenye duka kubwa la Veilstone, 9,800 kila moja, mpe zote. Zinabaki 152. Kila Shinx wa porini unayemshinda hutoa EV 1 ya Attack, naam, anajengeka kwa kuwapiga ndugu zake wa Route 202. Ukimvisha Macho Brace kila pambano linahesabika mara mbili, kwa hiyo ni Shinx 76 badala ya 152. Kwa Speed fanya vivyo hivyo kwa Carbos 10, kisha Starly.

Kuna kikwazo kimoja kinachowachosha watu bila kujua sababu. Pokémon mwenye Intimidate akiwa mbele ya kikosi, karibu nusu ya wanyama wa porini walio chini yake kwa leveli 5 au zaidi hawajitokezi kabisa. Utazunguka kwenye nyasi hadi kidole kiume. Weka mbele Pokémon mwingine asiye na kipaji hicho, kisha badilisha umwingize Luxray pambano likianza. Au fanya mazoezi angali Shinx wa leveli ya chini.

Hatua ya 6: Kuzalisha kwa ajili ya Ice Fang

Nyumba ya malezi ipo Solaceon. Katika zama hizo shambulio la yai, yaani analozaliwa nalo mtoto, hutoka kwa baba, kwa hiyo Shinx, Luxio au Luxray wako awe jike, na dume awe wa kundi la uzazi la Field. Hippowdon dume anafaa sana kwa sababu anaweza kuwa na Ice Fang, Fire Fang na Thunder Fang. Kama amezisahau, mpeleke kwa mkumbushaji wa Pastoria pamoja na Heart Scale, ambazo hupatikana kwa kuchimba kule chini ya ardhi. Shinx atakayeanguliwa atakuwa na Ice Fang tangu leveli ya 1. Usimfundishe Fire Fang na Ice Fang zote mbili, atakosa nafasi ya Crunch.

Kwenye gemu za baadaye

Kizazi cha 5 kilimpa alichokosa: Wild Charge, nguvu 90 kwa Attack, ingawa anajiumiza kwa robo ya madhara aliyofanya. Kilimletea pia kipaji cha tatu kilichofichika, Guts, kinachoongeza Attack kwa nusu akiwa na maradhi. Kuanzia hapo Adamant na Jolly zinakuwa na maana, na ushauri wa hatua ya 3 unageuka.

Kwa Guts, mvishe Flame Orb. Mwisho wa zamu ya kwanza anaungua, Attack inapanda mara moja na nusu, na punguzo la kuungua halimpati. Facade, yenye nguvu 70, inakuwa 140 kwa mgonjwa. Hesabu: 140 × 1.5 ya Guts ni 210. Wild Charge, 90 × 1.5 ya umeme wake × 1.5 ya Guts, ni 202.5. Facade inazidi kidogo tena haimuumizi. Usimvishe Toxic Orb, sumu yake huongezeka kila zamu wakati moto unabaki kula kiasi kilekile.

Kwenye Legends: Arceus ya 2022, Shinx ni mmoja wa watatu ambao Profesa Laventon anakuagiza kuwanasa mwanzoni, pamoja na Bidoof na Starly. Ni mwepesi wa kukasirika, akikuona anakushambulia. Chuchumaa nyasini, umrushie kutoka nyuma.

Pokémon GO

Kwenye simu hesabu ni ya peremende: 25 kumfanya Luxio, 100 zaidi kumfanya Luxray, jumla 125. Shambulio la haraka liwe Spark kama unamtumia kwa umeme, Snarl kama unamtumia kwa giza. La kuchaji liwe Wild Charge, ukikumbuka kwamba kwenye mapambano ya wachezaji linashusha ulinzi wake mwenyewe kwa hatua mbili. Ngao za mpinzani zikiisha ndipo ulitumie.

Psychic Fangs ilitolewa kwenye Community Day yake ya Novemba 2021. Aliyeikosa siku hiyo anaweza kuipata kwa Elite Charged TM, kifaa kinachokuruhusu kuchagua shambulio la kuchaji. Kama unayo moja tu, angalia kwanza Pokémon wako wengine, kwa sababu Luxray mwenye Wild Charge na Crunch tayari anafanya kazi yake, na TM hiyo haipatikani kila siku.